Mwali wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale sana, watoto, enzi ambazo hata chui alibisha hodi kabla ya kula watu wa nyumbani, Bi Kindi alimkuta ndege Kurumbiza chini ya kichaka.

"Wee! Jua linaunguza hivi, nawe umetutumua manyoya utadhani unasikia baridi?"

"Mimi mzima," akajibu Kurumbiza, macho ameyafumba nusu. "Najipumzisha tu."

Uongo mtupu! Ndege wa porini akiumwa hujitia mzima, adui asimjue. Bi Kindi akakanyaga kijiti makusudi. Kwach! Kurumbiza hakuruka. Bi Kindi akachungulia huku, akachungulia kule. Kumbe bawa moja linaning'inia!

"Mzima angeshakimbia. Twende kwangu."

Akamlaza ndani ya tenga lenye majani makavu, akalifunika kwa kanga ili pawe na giza na joto. Hakumchokonoa wala hakumlazimisha kunywa maji. Mara, hodi! hodi!

"Mimi Chui. Fu, fu, fu! Nasikia harufu tamu tengani. Hebu funua nione."

Bi Kindi aliogopa mpaka mkia ukamsimama, ila ulimi haukukwama.

"Salale, Mzee Chui! Mwanamume mzima unataka kumfunua mwali? Nimemweka ndani, hajachezwa unyago!"

Chui akarudi nyuma, puu! "Lo, niwie radhi! Lakini mwali gani ananuka manyoya?"

"Hajaogeshwa bado."

"Mbona hasemi?"

"Aseme na wanaume? Kaa hapo nje, uzuie makelele. Mwali akisumbuliwa, aibu ni yako."

Chui alijiona muungwana kuliko wote. Akakaa mlangoni siku nenda siku rudi, njaa inamkereketa. Fisi akipita anacheka, yeye humkemea, "Shh! Kuna mwali!"

Hatimaye Bi Kindi akasikia tengani, pa-pa-pa! Mabawa yote mawili yanapiga. Akalitoa tenga uwanjani, akapiga kigelegele, akavuta kanga.

Prrrrr! Kurumbiza huyoo, mpaka kileleni mwa mti.

"Ebo!" Chui akashangaa. "Mwali anaruka? Yule si ndege? Ningemla!"

"Ungemla kweli," Bi Kindi akacheka, keshapanda tawi la juu. "Badala yake umemlinda mpaka akapona. Ahsante, Mzee wangu!"

Basi, watoto, ndege mgonjwa mpeni giza, joto na utulivu, na akipona mwacheni aende zake.