Meza ya Bingwa

Kizito alikuwa bingwa wa kadi za mazimwi chuo kizima, na kadi zake zilikuwa za bei. Jumamosi moja aliwakuta Sikudhani na wenzake wameizunguka meza pekee ya ukumbi wa michezo, kadi zimechakaa, vicheko juu.

"Haya, inukeni. Hii meza ni ya wanaocheza kweli."

"Sawa, bingwa, ila tuishindanie," Sikudhani akasema. "Kwa kanuni zetu sisi wa kujifurahisha: hatupimi muda, hatuhesabu ushindi. Atakayeinuka kwanza kachoka, na meza kaiacha moja kwa moja."

Kizito akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Mimi nichoke kucheza? Kaa hapo, dada."

Mchezo wa kwanza Kizito alimfunga kwa dakika nne.

"Hongera! Changanya tena."

Akamfunga wa pili, wa tano, wa tisa. Kila akifungwa, Sikudhani alipiga makofi na kuuliza zimwi hili linaishi wapi, lile linakula nini. Kizito akanogewa, akaeleza mpaka ukoo wao.

Alipomfunga mara ya kumi na mbili, aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mungu wangu! Fainali ya mjini inaanza saa kumi, na anayechelewa hutolewa!"

"Najua, kaka. Tangazo si ulilibandika mwenyewe mlangoni kwako?" Sikudhani alikuwa ameshaanza kuwagawia wenzake kadi. "Kimbia, utawahi. Maadamu umeshasimama."