Ninga Asiyetema Kokwa

Paukwa! Pakawa. Pakawa na Kima mwenye roho ya kwa nini. Tulieni sasa, msinikatize.

Hapo zamani za kale, palikuwa na mzambarau mmoja msituni, ndio uliolisha wanyama wote. Desturi ilikuwa ukila, kokwa uziteme papo hapo chini ya mti, ionekane umekula kiasi gani. Mlinzi alikuwa Kima. Alichunga hasa, maana alikuwa na watoto wengi na mti umezeeka.

Basi alikuwapo Ninga, njiwa wa kijani, mabega ya zambarau, miguu ya manjano. Alimeza matunda mazimamazima, kimya, kisha akaruka zake. Kokwa hatemi hata moja!

Kima akawa roho juu. Akamwambia mkewe kwamba yule ana akiba mahali, na mti ukifa watoto wao watalala njaa.

Akamfuata mara ya kwanza. Ninga akatua majanini, akatulia, asionekane tena. Kima akasema anayejificha ana lake jambo.

Akamfuata mara ya pili. Akamwona koo limevimba. Kima akasema, ndizo kokwa hizo, anakwenda kuzificha.

Mara ya tatu akafika kiotani. Kiota chenyewe vijiti vichache, ukiwa chini unaona kilichomo. Akapekua, akakuta kinda mmoja, basi. Mwingine angeona haya, lakini Kima aliona ujanja tu.

"Bi Ninga, kokwa umezificha wapi?"

"Sikuzificha, Bwana Kima. Nazimeza, zinadondoka huko huko nirukako."

"Unanifanya mtoto mdogo. Hama leo."

Ninga akamsihi angoje mwanawe ajue kuruka. Kima hakusikia, akalitikisa tawi. Kinda akaanguka, akafa. Ninga akaenda zake peke yake, analia.

Miaka ikapita, mzambarau ukafa. Chini yake kokwa zilikuwa chungu nzima, zimeoza kivulini, haukuota hata mche. Kima akatoka na wanawe, njaa inawauma, hadi ng'ambo ya bonde. Wakakuta mizambarau tele, michanga, imejaa matunda, kila mahali alikokuwa akiruka Ninga.

Watoto wakala, wakashiba. Mdogo wao akauliza, "Baba, nani katupandia?"

Kima hakuinua uso. Akasema, "Yule niliyemuulia mwanawe."

Enyi mnaosikiliza, ukimshuku mwenzio, chunguza hadi mwisho kabla hujamnyooshea mkono, maana ukishaumiza hakurudishiki. Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichukia aniachie mwenyewe.