Chuma Hakimjui Mwenye Chumba

Chuma hakimjui mwenye chumba. Mmeisikia asubuhi hii mwalimu wenu wa mazoezi akiitamka, mkacheka, na sasa mwataka kujua ilitoka wapi. Basi kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Hapa Korogwe palikuwa na jimu ndani ya ghala la zamani la mkonge. Mwenyewe aliitwa Mbonea, aliyewahi kuwa bingwa wa mkoa wa kunyanyua vyuma. Alipoifungua, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alifagia mwenyewe, akafanya mazoezi na wateja wake, akajua goti la nani linauma. Jina lilipokua, akahamia kwenye kiti chini ya feni, kazi yake ikawa kukaripia watu.

Aliyebaki akifundisha ni Mwanaidi. Na Mwanaidi alikuwa na hasira, ile hasira ya mtu anayesema kweli kila siku na kila siku ananyamazishwa. Benchi la kulalia wakati wa kusukuma chuma lilikuwa limelegea mguu. Alimweleza Mbonea kwa adabu.

"Benchi halitikisiki," Mbonea akajibu. "Mnatikisika nyinyi, wavivu."

Wateja nao wakamwambia, wakaambulia matusi. Wengine wakaacha kuja. Mwanaidi aliufunga ule mguu kwa kamba ya katani huku ameuma meno, akijiuliza kwa nini alinde jina la mtu asiyejali mgongo wa mwenzake.

Jioni moja akaja Mama Elinami, mpishi wa shule, aliyeagizwa na daktari afanye mazoezi kwa sababu ya presha. Alilala kwenye benchi, akalisikia linayumba, akainuka.

"Mimi hapa silali," akasema.

Mbonea akaja kwa kishindo. "Umekuja kufanya mazoezi au kukagua? Mwili kama gunia, halafu unachagua benchi."

Mama Elinami akainamisha uso. Mwanaidi akaja akasimama kati yao.

"Mwombe radhi," akasema.

"Mimi? Ndani ya jimu yangu?" Mbonea akapakia vyuma pande zote mbili, uzito aliokuwa akiubeba enzi za ubingwa wake. "Litazameni hilo benchi lenu bovu."

"Kaka Mbonea, usilale hapo. Hata mwili hujaupasha moto."

Hakusikia. Alilala, akakishusha chuma kifuani. Mikono ikaanza kutetemeka, mguu wa benchi ukateguka, mtu na chuma wakaenda chini pamoja. Sauti haikumtoka. Mwanaidi akadaka upande mmoja, Mama Elinami upande wa pili, wakakiinua. Mbavu zilikuwa zimevunjika.

Hata pale sakafuni, pumzi ikimkatika, Mbonea alinong'ona kwa ghadhabu, "Jimu ni yangu mimi."

"Ni yako," Mwanaidi akamjibu. "Kiti ni chako, feni ni yako, chumba ni chako. Lakini chuma hakimjui mwenye chumba."

Akamwita mtu wa kumpeleka hospitali, akachukua mkoba wake, akaondoka na Mama Elinami.

Jimu ikafungwa. Mbonea alilala nyumbani akimlaani fundi aliyelitengeneza benchi, akiwalaani wateja, akimlaani Mwanaidi, mpaka akabaki yeye tu wa kulaaniwa. Alipopona akaenda kumwomba Mwanaidi arudi. Mwanaidi hakumkaribisha ndani.

"Kwanza nenda kwa Mama Elinami," akamwambia pale mlangoni. "Ulimtukana mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu. Pili, kila kibovu kitoke. Na wewe utaanza na chuma kitupu, kisicho na uzito, kama mgeni, nami nikisema weka chini, unaweka."

Uso ulimwiva Mbonea. Alitaka kugeuka aende zake. Mwisho akasema, "Sawa."

Mama Elinami alimsikiliza jikoni mbele ya wapishi wenzake. Akamwambia radhi ameisikia, ila moyo wake bado. Jimu alirudi baadaye sana, na hakuwahi kumchekea.

Watu waliporudi walimkuta bingwa ananyanyua chuma kitupu, Mwanaidi kamsimamia, uso mkavu. Mteja mmoja mgeni akauliza kulikoni mwenye jimu kufanya mazoezi ya wanaoanza. Mwanaidi akafungua kinywa, lakini Mbonea akamwahi.

"Ndugu yangu," akasema, jasho likimtiririka, "chuma hakimjui mwenye chumba."