Ngoma za Mtoto wa Kwanza

Kaeni, wajukuu zangu, kaeni juu ya mawe haya. Zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, ngome hii ya mlimani ilikuwa nzima. Ukuta juu, kisima ndani, lango moja tu.

Mtawala wake aliitwa Fumo Kitau. Kila aliposikia vita, aliliziba lango kwa mawe na chokaa. Msimcheke. Alikuwa amezika ndugu wawili vitani.

Siku moja ngoma zikasikika bondeni. Ndu! Ndu! Ndu!

"Vita!" akasema Fumo. "Zibeni!"

Wakaziba. Jiwe na chokaa, jiwe na chokaa, mpaka jua likawa utosini.

Kumbe, wanangu, haikuwa vita! Desturi yetu ni nini? Mtoto wa kwanza hupelekwa kwao mama yake kwa ngoma. Mwana Zume, binti yake Fumo, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, alikuwa analeta mjukuu, akisindikizwa na wakwe zake. Siku tatu njiani, viriba vya maji vimekauka, na maziwa yamemkatika.

"Baba! Ni mimi, Zume! Tunakufa kwa kiu!"

"Hata adui anaweza kulijua jina la binti yangu."

"Na kwamba ukilala chali unakoroma, adui analijua hilo?"

Walinzi wakacheka. Fumo hakucheka. "Labda wamemteka, wamemtanguliza ili tuwafungulie."

Ndipo mtoto akalia. Kilio chembamba, kimechoka. Mkewe Fumo, Mwana Esha, akashika mtaimbo.

"Mama Zume, ukikosea tutakufa sote!"

"Na ukikosea wewe, atakufa yule. Shika upande ule, mume wangu. Chokaa bado mbichi."

Fumo akaigusa chokaa. Kisha akang'oa jiwe kwa mikono yake. Likatoka moja, likatoka la pili, na katika tundu lile akapitishwa mtoto, akaangukia kifuani mwa babu yake.

"Wakaziba tena, Bibi?"

Hawakuziba. Wakwe walikunywa, wakapumzika, kisha wakahamia chini ya mlima, wawe jirani zake Fumo. Fumo akawapa mawe ya lango wajengee. Tangu hapo kila anayejenga huchukua jiwe hapa. Ngome hii haikuvunjwa na adui, tuliishusha wenyewe. Kizingiti chetu, mnapokaa kumenya mihogo, kilitoka hapa.

Kuogopa si aibu, wanangu. Lakini sikilizeni tena kabla chokaa haijakauka.

Kisa nimekiokota mlimani, mlimani nakiacha, akitakaye apande.