Mawe ya Kasri Yalipotaja Majina

Habari hii niliipokea kwa walioipokea kwa wengine, na mzigo wa ukweli wake uko mabegani mwao, kwamba katika mji wa Rukhamu alitawala Sultani Ghazwani bin Taimuri, mfalme mwenye majeshi na mashamba na farasi wa kila rangi, na juu ya neema zote hizo akatamani kasri la marumaru ambalo mfano wake haujapata kuonekana mashariki wala magharibi. Na jabali la marumaru lilikuwa nje ya mji, na watu walilichonga na kuyavuta mawe yake kwa kamba za kumbi juu ya magogo, tangu alfajiri mpaka magharibi, huku wakiimba ili miguu yao ikanyage pamoja. Na jiwe likiteleza halina jamaa, humlalia anayeomba dua na anayetukana.

Mji ule ulikuwa na sheria yake, na walioitunga walijiona wamefikia kilele cha uadilifu. Sheria ilisema kwamba kilichomuumiza mtu ndicho chenye hatia. Basi mtu akivunjwa na jiwe, jiwe hilo lilikamatwa na askari na kufungwa minyororo, likaburutwa mpaka mbele ya kadhi na kuulizwa, "Una la kujitetea?" Na kwa kuwa jiwe halisemi, kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Askari wakalipiga bakora, kisha bakora akapewa aliyeumia, au mjane wake, apige pigo la mwisho na kutamka, "Nimelipwa." Akishatamka neno hilo hakuwa tena na dai kwa mtu yeyote chini ya mbingu, na jiwe likahukumiwa kutoswa baharini. Msicheke. Watu wa Rukhamu walijivunia sheria hii mbele ya wageni, na wageni waliitikia kwa vichwa.

Miongoni mwa wavutaji alikuwamo mtu wa makamo aitwaye Feruzi, mwenye mke, Ruzuna, na binti mmoja, Zamzam, aliyekuwa ameposwa na kijana Hamdani, mvutaji vilevile. Siku moja walikuwa wakivuta jiwe kubwa lililokusudiwa kuwa kizingiti cha ukumbi wa baraza, kamba ikakatika, na jiwe likarudi nyuma kwa kishindo na kumlalia Feruzi miguu yote miwili, mifupa ikasagika. Na damu yake ilipoingia katika ufa wa jiwe, ukatoka moshi, na katika moshi akasimama jini ambaye hakuna aliyemwona ila Feruzi peke yake.

"Amani iwe juu yako, mwanadamu," alisema yule jini. "Mimi naitwa Dahmari. Nabii Sulemani alinifunga ndani ya jiwe hili kwa uasi wangu, na damu yako imeuvunja muhuri. Nimepata uhuru wangu kwa miguu yako. Na sisi majini, pamoja na ubaya wetu wote, tuna sheria kwamba anayenufaika kwa jeraha la mwenziwe humlipa. Mimi nina mamlaka juu ya mawe, na juu ya kile ambacho jiwe limekiharibu kwako. Omba haja moja."

Feruzi alijibu kwa shida, meno yameumana kwa maumivu. "Nina mke. Siombi jambo kubwa bila shauri lake."

"Basi utaniita ukiwa mbele ya jiwe hili, maana mbali nalo sitakusikia. Na nikishakutimizia haja yako nakwenda zangu, nisirudi."

Mara askari wakafika mbio, wakampita Feruzi pale chini na kulitia jiwe minyororo, wakaenda nalo. Wavutaji wenziwe ndio waliomwinua na kumpeleka nyumbani kwa kitanda.

Na nyumba ile haikuwa yake. Nyumba za wavutaji zilikuwa mali ya Sultani, na asiyevuta hakulala ndani yake. Feruzi aliachiwa mpaka siku ya hukumu ya jiwe, kisha atoke na watu wake. Alipomsimulia mkewe habari za jini, Ruzuna alilia kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kata tamaa.

"Shauri gani tena unalotaka, Baba Zamzam?" alisema. "Omba miguu. Miguu ndiyo nyumba, miguu ndiyo chakula."

"Na Hamdani?"

"Hamdani ana nini?"

"Amewekwa mahali pangu kwenye kamba."

"Hamdani ana Mungu wake. Wewe omba miguu, na tusilizungumze tena."

Naye Feruzi akakubali, kwa kuwa ndiyo haja iliyokuwa moyoni mwake pia, na anayesema angeomba nyingine hajawahi kulala kitandani akisubiri kugeuzwa ubavu. Ilipofika siku ya hukumu, Ruzuna aliyapaka mafuta makubadhi ya mumewe, akayafunga ndani ya kitambaa safi na kuyabeba kwapani, ili apate cha kuvaa wakati wa kurudi.

Baraza lilikuwa limejaa, katika ukumbi wa kasri uliokuwa umekwisha simamishwa ila kizingiti chake. Sultani Ghazwani alikaa juu ya kiti chake cha enzi, na kuliani kwake alikaa Waziri Zuheri, mtu wa maneno matamu aliyesimamia ujenzi wa kasri, na mbele yao alikaa Kadhi Nuumani. Kesi ya kwanza haikuwa ya Feruzi. Ilikuwa ya mjane wa Hadhiri, mvutaji aliyeuawa na jiwe la nguzo siku chache tu zilizopita, kwa kamba ileile iliyomvunja Feruzi, ambayo ilikuwa imeungwa fundo na kurudishwa kazini. Jiwe liliulizwa, likanyamaza, likapigwa. Mjane akapewa bakora naye akaligusa jiwe polepole, kama mtu apangusaye mkeka vumbi, akasema, "Nimelipwa." Kisha akamshukuru kadhi, akamshukuru waziri, na akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Maulana, Mungu akuweke. Naomba nipewe kile kipande cha kamba kilichokatika. Nina mbuzi nyumbani, na sina cha kumfungia."

Waziri Zuheri ndiye aliyejibu. "Kamba ni mali ya Sultani, mama. Itaungwa fundo irudi kazini kesho."

Na kamba ilikuwa pale sakafuni, imeletwa pamoja na jiwe. Feruzi, kutoka kitandani pake, aliitazama. Ilikuwa imeliwa na jua hadi nyuzi zake zikawa unga, na ilikuwa na fundo juu ya fundo, na kila fundo alijua lilifungwa baada ya nani. Akamwona na Hamdani mlangoni, miongoni mwa wavutaji walioruhusiwa kuja kushuhudia, amesimama wima kwa miguu yake miwili mizuri, akimsubiri mkwewe ainuke, kama Ruzuna alivyomdokezea.

Likaletwa jiwe la Feruzi. Ruzuna akaanza kukifungua kile kitambaa.

"Dahmari," aliita Feruzi kwa sauti ndogo, na jini akawa ubavuni pake.

"Nipo. Haja yako ni miguu?"

Feruzi alimtazama mkewe, na wallahi alimwogopa yeye kuliko alivyomwogopa Sultani. Akasema, "Hapana. Nataka jiwe hili lijibu linapoulizwa. Na yajibu mawe yote yaliyohukumiwa kabla yake, popote yalipo, mpaka aliyeumia awe amelipwa kweli."

Jini aliinama akamtazama usoni. "Nimewatumikia wafalme waliotaka bahari zikauke," alisema, "na sijapata kuombwa jambo hili. Limekuwa." Akatoweka, na tangu siku ile hakuonekana tena.

Kadhi, kwa mazoea yake, aliuliza bila kuinua macho, "Una la kujitetea?" na mkono wake tayari ulikuwa ukimwashiria askari wa bakora.

"Mimi ni jiwe la Feruzi," lilisema jiwe. "Sikujivuta."

Askari akaangusha bakora. Na kabla mtu hajapata la kusema, sauti nyingine ikatoka katika nguzo nyuma ya kiti cha enzi: "Mimi ni jiwe la Salimini. Sikujivuta." Na nyingine ukutani: "Mimi ni jiwe la Mbaruku wa kisima cha chini. Sikujivuta." Na nyingine kwenye ngazi, na nyingine darini, na nyingine chini ya nyayo za Sultani mwenyewe, mpaka ukumbi wote ukajaa majina ya watu, na nje katika umati wanawake wakaanza kulia, kwa kuwa kila mmoja alisikia jina la mtu wake aliyemzika.

Sultani alimgeukia waziri wake, uso umempauka. "Ewe Zuheri, mawe haya si yalihukumiwa kutoswa baharini?"

"Maulana," alijibu Waziri Zuheri, "marumaru ni ghali, na bahari haina shukrani."

Ruzuna alikuwa amesimama, makubadhi mkononi, na alikuwa ameelewa. Hakupaza sauti. "Miguu ulikuwa nayo mkononi, Baba Zamzam," alisema, "ukawapa watu." Akatoka, na watu wakampisha. Jioni ile walitolewa katika nyumba ya Sultani, na mjane wa Hadhiri, naye akiwa ametolewa, akawakaribisha katika kibanda cha mbuzi wake kilichokuwa nje ya mali ya Sultani, na humo Ruzuna alimhudumia mumewe kwa kila kitu, akamlisha na kumgeuza, ila hakumwambia neno.

Na kasri halikunyamaza. Sultani alihamia vyumba vya upande wa pili, navyo vikamtajia majina. Akatoka bustanini, na njia ya bustani ikamtajia. Ndipo akaliita baraza zima, akaamuru sheria ya mawe ijadiliwe upya, naye asikilize.

Kadhi Nuumani alisimama kwanza. "Maulana, mguu hauoti kwa pigo la bakora. Anayeumia katika kazi ya mtu, mwenye kazi amlipe fidia, na akifa walipwe aliowaacha. Hilo ndilo shauri langu."

Waziri Zuheri akasimama baada yake, na ilimbidi apige kelele ili asikike juu ya nguzo iliyokuwa ikisema karibu na sikio lake. "Sikilizeni, waungwana. Mimi nawapenda wavutaji kuliko mtu yeyote hapa. Lakini tukimlipa kila aliyeumia, kesho kila mvivu ataweka kidole chake chini ya jiwe kwa makusudi."

"Umepata kumwona mtu akiweka kidole chini ya jiwe kwa makusudi?" aliuliza kadhi.

"Sijamwona, lakini tabia za watu nazijua."

"Jaribu wewe kwanza, Zuheri, kisha utuambie kama ulipendezwa na malipo."

Baadhi ya wajumbe walicheka ndevuni. Wengine walisema hazina haitatosha, na wengine kwamba wenye machimbo watahamia kwa sultani wa jirani, ambako mtu huvunjika bila kusumbua watu. Na mmoja alishauri iundwe kamati itakayotazama kama mawe yanasema kweli au ni upepo. Walibishana siku hiyo na iliyofuata, na kila aliyesimama kusema alikatizwa na ukuta. Mwisho Waziri Zuheri alileta shauri la kati: fidia ilipwe, lakini kwa watakaoumia kuanzia siku ile, yaliyopita si ndwele. Wakainua mikono, shauri likapita, wakasoma fatiha, kisha wakanyamaza wasikilize.

"Mimi ni jiwe la Salimini," ilisema nguzo. "Sikujivuta."

Sitawadanganya kwamba moyo wa Sultani Ghazwani ulilainika. Alikuwa amechoka na alitaka kulala. Akasimama akasema, "Walipwe wote, wa jana na wa juzi na wa enzi ya baba yangu, na sheria iandikwe hivyo," akaenda chumbani kwake na kuziba masikio kwa pamba.

Basi watu wakaja kasrini mmoja mmoja, mayatima na wajane na viwete, na kila mmoja alipewa haki yake, akaweka kiganja juu ya jiwe lake na kutamka, "Nimelipwa," na jiwe likanyamaza. Na kamba mpya zilinunuliwa mwezi uleule damu ilipotiwa bei. Waliokuwa wakisema kwamba kamba mpya hazipatikani walizipata bandarini bila ya kuzitafuta sana. Mjane wa Hadhiri alijenga nyumba, na mbuzi wake akafungwa kwa kamba nzuri. Waziri Zuheri hakukatwa kichwa, kama mlivyokuwa mkitarajia. Alipewa kuusimamia mfuko wa fidia, na husemwa kwamba aliwafanya wengi warudi mara nyingi kuuliza.

Feruzi alichukuliwa kwa kitanda mpaka kwenye kizingiti cha baraza, ambako jiwe lake lilikuwa limekwisha wekwa, na kila mjumbe aliyeingia alilivuka likimtajia jina la Feruzi. Akaweka kiganja chake, akatamka neno, na jiwe likanyamaza. Ruzuna, aliyekuwa amemsindikiza, ndipo alipovunja kimya chake.

"Ni kweli umelipwa?"

"Nimepewa haki yangu," alisema Feruzi. "Miguu haimo."

"Haimo," alisema Ruzuna, akakaa chini kando ya kitanda akalia, na Feruzi akalia naye.

Mwaka haukupinduka wakamwoza Zamzam kwa Hamdani, kwa harusi ya pilau na ngoma, na Feruzi akaozesha akiwa amekaa. Bwana harusi alipokuwa akitoka, Ruzuna alimwita kando, akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na makubadhi, bado yamepakwa mafuta.

"Vaa, mwanangu," alimwambia. "Yalikuwa yako tangu siku ile, mimi ndiye niliyechelewa kuyatoa."

Hamdani akayavaa, akatembea nayo hadi kwa bibi harusi, na Feruzi akayasindikiza kwa macho mpaka yakaingia mlangoni.

Na husimuliwa kwamba yamebaki mawe machache katika kasri la Rukhamu ambayo hayajanyamaza hata leo, kwa sababu watu wake walikufa wote kabla ya sheria, na hakuna aliyesalia wa kuweka kiganja. Hapa ndipo hekaya ilipoketi. Mafunzo yake ni kwamba sheria njema haimrudishii mtu mguu wake, bali humhifadhia mwenziwe wa kwake. Nami niliyeisimulia nanyanyuka na kwenda zangu kwa miguu miwili, na kuna aliyenilipia.