Uyoga wa Mama Mfalme

Wewe unayesoma hii, uyoga wa kichuguu uliula mara ya mwisho lini? Sisemi ule wa pakiti, mweupe kama karatasi, usio na harufu. Nasema ule unaochipuka mvua ikianza, ukipikwa kwa maziwa jirani anakumbuka ghafla kwamba alitaka kukusalimia. Umesahau? Basi tulia.

Palikuwa na mfalme aliyeitwa Wamukota, mpenda mistari iliyonyooka. Washauri wake, watu wa tai na slides, wakamwambia: "Mtukufu, vichuguu vinakula ardhi. Mchwa ni adui. Flatten everything!"

Akakubali. Vichuguu vikasawazishwa na kumwagiwa sumu. Vichaka vya mipakani vikang'olewa. Mahindi yakasimama mistari mpaka jicho linachoka. Watu wakapiga makofi. Wangefanya nini, na askari wako hapo?

Miaka ikapita. Mama yake mfalme, Mayi Namarome, akaugua, akakataa chakula. Akaletewa kuku, akageuza uso. Akaletewa samaki, akageuza uso.

"Mayi, unataka nini?" mfalme akauliza, sauti imemtoka kama ya mtoto.

"Uyoga wa kichuguu. Naota harufu yake, nikiamka haipo."

Mfalme akafurahi. Uyoga tu? Akawaita washauri. "Pandeni uyoga wa kichuguu. Chapchap!"

Wakajenga vibanda, wakaleta mbegu za kila aina, wakamwagilia. Wa pakiti ukaota. Wa kichuguu, zero. Mshauri mkuu akakohoa.

"Mtukufu, kuna challenge kidogo. Ule haupandwi na mtu. Mkulima wake ni mchwa. Anabeba majani makavu, anaulimia humo ndani ya kichuguu."

"Umelijua hilo lini?"

"Tulisoma chuoni, Mtukufu."

"Na hukusema?"

"Hukuuliza uyoga. Uliuliza mahindi."

Ati huyo ndiye anayelipwa kushauri.

Mfalme akatoka kwa miguu, akatafuta mwenyewe. Shamba baada ya shamba, mahindi matupu. Mwishowe, kwa mjane aitwaye Nafuna, akakuta kichuguu kimoja kimefunikwa mabua ili askari wasikione. Mjane akarudi nyuma.

"Usiogope, mama. Kimetoa uyoga?"

"Umeota leo, Mtukufu. Lakini ni kidogo, hata kofia hazijafunguka."

"Nipe wote."

"Wote? Desturi unaijua. Aliyeuona hupiga ukemi kwanza, anaita kwa sauti kuu, majirani wakaja na vikapu. Na mwingine huachwa uzeeke pale pale, ili mvua ijayo uote tena."

"Majirani waje kuchuma nini, mama? Huu wa kujaza kiganja tu?"

Akachuma, akaondoka mbio.

Uyoga ukapikwa. Harufu ikajaa chumbani, na Mayi Namarome, ambaye alikuwa halali wala haamki, akainuka akaketi. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Mfalme akashika kijiko, machozi yanamlenga.

Kisha mama akauliza, "Mbona sikusikia ukemi?"

Mfalme akamsogezea kijiko.

"Zamani ukiota kwa mmoja, ukemi ulivuka kilima. Huku wanaitikia, kule wanaitikia, sote tumepata. Mimi na mama yangu tulitoka mbio bila viatu. Leo umeota kwa nani?"

"Kwa mjane mmoja tu, Mayi. Hakuna kwingine. Kula, nakuomba."

Mama akalisukuma bakuli polepole.

"Mwanangu, nilidhani nina njaa ya uyoga. Kumbe nina njaa ya ule ukemi. Huo nao utaniagizia?"

Hakuonja. Alifariki mvua ile ile, uso ameuelekeza dirishani, huku nje mahindi yamenyooka vizuri sana.

Funzo: Anayeua kila kisicho zao lake atajaza ghala, lakini atawaachia watu wake hamu isiyo na dawa. Mtumie hii mkubwa yeyote wa kilimo unayemjua. Nanyi wakubwa, mkishaipata, acheni kusawazisha vichuguu, rudisheni vichaka vya mipakani, na kabla hamjatugawia chupa nyingine ya sumu, simameni mbele yetu mtutajie kila kiumbe itakachokiua. Kila kimoja, si wadudu wa mahindi peke yao.