Pole ya Jirani

Palikuwa na mkulima mmoja wa vitunguu, mtu wa sala, mtu kama wewe uliyekaa hapo mbele. Jirani yake alikuwa mhamiaji, Kiswahili alijifunza ukubwani. Siku moja jirani huyo alifungulia shamba lake maji ya mfereji kwa zamu isiyo yake, na kitalu chote cha mkulima kikakauka.

Jioni akaja, kofia mkononi. "Pole, kaka."

"Pole?" mkulima akasema. "Pole hupewa aliyefiwa. Wewe umenikosea. Nenda kajifunze kusema 'nisamehe'."

Kumbe kwao yule bwana, neno la kumpa mtu pole na la kuomba msamaha ni hilo hilo moja. Baada ya juma akaja tena, na neno lake lile lile. Akafukuzwa.

Mke wa mkulima akashindwa kunyamaza. "Baba watoto, hilo 'nisamehe' unalolidai, babu zetu wenyewe walilipokea kwa Waarabu. Leo limekuwa mali yako?"

"Hata kama. Alitamke."

Miezi ikapita hawasalimiani. Na moyo ulimuuma mkulima, jamani, maana alimpenda yule mtu. Walikuwa wakisaidiana palizi kila msimu.

Asubuhi moja mke wa jirani akaja, khanga begani, amelia mpaka sauti imekauka. "Shemeji, mwenzangu ni mahututi. Anakutaja wewe tu. Anaomba uje umfundishe hilo neno, alitamke."

"Nina kazi leo," mkulima akasema. "Mwambie nitakuja kesho."

Kesho yake alikuta wanaume wameketi nje, na majembe ya kuchimbia kaburi yameegemezwa ukutani. Akaingia, akapiga magoti kando ya maiti. "Nisamehe, ndugu yangu." Nani wa kumjibu?

Sasa niwaulize. Mnadhani hakumwelewa? Alimwelewa tangu jioni ile ya kwanza. Aliiona kofia mkononi, aliyaona macho. Alijua kila kitu, akajificha nyuma ya neno.

Nasi tunajificha. "Ametuma ujumbe tu, hakuja mwenyewe." "Ameomba radhi huku anacheka." Wewe mama, ulimwelewa au hukumwelewa? Ulimwelewa vizuri sana.

Kuna mtu humu aliombwa msamaha kwa neno bovu, na aliyemwomba bado yu hai. Usingoje nimalize. Mlango uko wazi, inuka uende.